Milimita Moja ya Ua

Picha ya ua iliyopigwa kwa karibu ikitoka na ukungu, wengi huilaumu kamera. Mara nyingi kamera haina kosa. Ukilisogelea ua hadi taswira yake kwenye kihisi cha kamera ilingane kwa ukubwa na ua lenyewe, huku tundu la lenzi likiwa f/8, sehemu inayoonekana vizuri ina unene wa takriban milimita 1 tu. Kilicho mbele au nyuma yake hufifia. Kazi ya mpigapicha ni kuamua milimita hiyo ikae wapi.

Chukua Saintpaulia, ua la zambarau la milima ya Usambara lililopewa jina hilo na mtaalamu wa mimea Hermann Wendland mwaka 1893, ambalo leo limejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani. Porini huota kwenye miamba yenye unyevu na kivuli. Petali zake tano zimetanda karibu usawa mmoja, lakini katikati vifuko vya chavua vya rangi ya manjano vimechomoza mbele. Ukifokasi petali, manjano hayo hufifia, na hapo ndipo jicho la mtazamaji hukimbilia kwanza. Mimi hufokasi chavua, nikaacha kingo za petali ziyeyuke. Ukitaka petali zote zionekane, simamisha kamera ielekeane kabisa na uso wa ua. Ikiinama kidogo tu, upande mmoja umepotea.

Kubana tundu hadi f/16 huongeza maradufu unene wa sehemu inayoonekana vizuri, ila kuna gharama. Kwa ukaribu huo lenzi tayari hupitisha robo tu ya mwanga wa kawaida, na tundu dogo mno huifanya picha nzima ipoteze ukali. Kwenye kivuli cha msitu shata itabidi ikae wazi muda mrefu, na upepo hafifu tu unatosha kulitikisa ua. Ndiyo maana napenda asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka, kamera ikiwa juu ya stendi fupi.

Fokasi ya kiotomatiki nayo huhangaika sana hapa. Izime, weka umbali mmoja, kisha, kama umeshika kamera mkononi, sogeza kiwiliwili chako mbele na nyuma polepole huku ukipiga picha kadhaa mfululizo.

Tafadhali usichume ua wala kubandua kuvu na majani yanayolizunguka ili kusafisha mandhari. Aina kadhaa za Saintpaulia zimebaki kwenye maeneo madogo sana. Hama wewe, utafute pembe ambayo nyuma ya ua kuna kivuli cha mbali.

Mwenye simu asiigandamize kwenye ua, kwani kivuli cha simu kitalifunika. Rudi nyuma kidogo, tumia lenzi ya kuvuta kama ipo, na mwombe mwenzako ashike karatasi nyeupe upande wa giza irudishe mwanga chini ya petali.