Kadi ya Biashara Yahamia Kwenye Laini ya Simu: Hali ya Thika na Ruiru

Kadi ya biashara ya karatasi hubeba mambo mawili: njia ya kumfikia mwenye kadi, na dalili kwamba nyuma ya jina lake ipo kampuni au karakana ya kweli. Katika miji ya Thika na Ruiru, kaunti ya Kiambu, jambo la kwanza lilihamia kwenye simu ya mkononi kitambo. La pili ndilo lililochelewa, na jawabu lililopatikana hapa halifanani sana na kadi za kielektroniki zinazotangazwa na kampuni za ng'ambo.

Uhitaji wenyewe unatokana na jinsi miji hii ilivyokua. Thika ni mji wa viwanda wa tangu zamani: mafuta ya kupikia ya Bidco, mananasi ya Del Monte, na magari yanayounganishwa na Kenya Vehicle Manufacturers. Ruiru ina vyuma vya Devki na mji mpya wa Tatu City, wenye eneo maalumu la kiuchumi. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, ilivuta wakazi wapya kwa maelfu, na sensa ya 2019 ikaikuta Ruiru na watu 490,120 na Thika 251,407. Mji unaojaa kwa kasi hiyo hujaa watu wasiojuana. Fundi bomba mwenye sifa katika mtaa wa Kihunguro, Ruiru, huenda asijulikane kabisa katika mtaa wa Membley, mwendo mfupi kwa bodaboda, na kila mteja mpya humpokea kama mgeni.

Kadi ya karatasi haikuwahi kumfaa fundi huyo. Ilitungwa kwa ajili ya ofisi: ilibeba sanduku la posta, 01000 kwa Thika na 00232 kwa Ruiru, na simu ya mezani ambayo msimbo wake wa Thika ulikuwa 0151 kabla ya kuwa 067. Kila badiliko la aina hiyo liligeuza mamia ya kadi zilizokwisha kulipiwa kuwa takataka. Sanduku la posta, zaidi ya hayo, halimwelekezi mtu yeyote dukani. Fundi alichora nambari yake ya simu kwa rangi kwenye mlango wa karakana, na mlango huo ukawa ndiyo kadi yake.

Mabadiliko makubwa yalitoka upande wa malipo. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007 kwa ajili ya kutumiana pesa, lakini kwa kuwa laini husajiliwa kwa kitambulisho, mtumaji huona jina la mpokeaji. Huduma ya Lipa Na M-Pesa ilipoanza mwaka 2013, nambari ya tili, yaani ile ambayo biashara hupokelea malipo, ilikuja na jina la biashara, na baadaye Pochi la Biashara likamwezesha mwenye kibanda kutenga pesa za kazi na zake binafsi kwenye laini ileile. Hapo ndipo dalili ya ukweli ilipopata makao mapya. Kadi yoyote inaweza kuchapishwa na mtu yeyote kwa jina lolote, ilhali jina linalotokea wakati wa kulipa limepitia usajili. Mteja wa mtaa wa Makongeni, Thika, anayeagiza mlango wa chuma kwa fundi asiyemjua hulinganisha jina alilotajiwa na jina lililotokea kwenye simu, na yakitofautiana huuliza kabla ya kutoa malipo ya awali. Ulinganisho huo haumwambii kama fundi ni hodari. Humwambia tu kwamba anashughulika na mtu anayeweza kutafutwa, na kwa biashara ndogo hilo ni jambo zito.

Sehemu nyingine ya kadi, yaani maelezo ya kazi, imechukuliwa na WhatsApp Business, programu iliyotolewa Januari 2018. Ukurasa wake hubeba jina, saa za kazi, ramani na orodha ya bidhaa zenye picha na bei. Ramani ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko vyote Ruiru, ambako mitaa mingi haina namba za nyumba na anwani hutolewa kwa kutaja kituo cha mafuta, kanisa au kona. Pini moja huokoa simu tatu za kuulizana njia. Stetasi nayo hufanya kazi ambayo karatasi haikuweza: humkumbusha mteja wa mwaka jana kwamba seremala yule bado yupo na anatengeneza vitanda. Makabidhiano yenyewe ni mepesi, kwani mmoja hutaja nambari, mwingine humpigia na kukata, na kila mmoja huhifadhi nambari ya mwenzake papo hapo. Hata mwenye kabambe, yaani simu ya vitufe isiyo na intaneti, huweza kushiriki, na simu za namna hiyo bado ni mamilioni nchini Kenya.

Juu ya msingi huo ndipo huja vifaa vinavyouzwa kama kadi za kidijitali. Msimbo wa QR, uliobuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, huweza kuhifadhi hadi tarakimu 7,089, na ukichapishwa kwa kiwango cha juu cha kinga husomeka hata asilimia 30 yake ikiharibika. Tofauti ambayo mnunuzi anapaswa kuijua ni hii: msimbo tuli hubeba maelezo yenyewe na haufi, lakini msimbo wa kubadilika hubeba kiungo tu, kinachopitia seva ya kampuni iliyouuza. Huo wa pili huruhusu nambari kurekebishwa bila kuchapisha upya, ila ada isipolipwa, msimbo uliobandikwa kwenye gari la kampuni hauelekezi popote. Kwa duka dogo la Thika, msimbo tuli wenye kiungo cha WhatsApp unatosha. Kadi za kugusisha zenye chipu ya NFC hazihitaji kamera, lakini chipu ya kawaida ya NTAG213 ina nafasi ya baiti 144 tu, kwa hiyo nayo hubeba kiungo, na simu nyingi za bei nafuu hazina uwezo wa kuisoma. Programu za kadi kama HiHello na Blinq hupendeza katika makongamano ya Nairobi. Wahitimu wa vyuo vikuu vya Mount Kenya na Zetech wanaotafuta ajira huelekea LinkedIn, ambayo ni wasifu wa kazi zaidi kuliko kadi.

Karatasi haijaondoka kwenye malango ya viwanda. Msambazaji wa vifungashio akifika langoni bila miadi, humwachia mlinzi kadi, na kadi hiyo hufika mezani kwa afisa wa ununuzi, mahali ambapo ujumbe wa WhatsApp kutoka nambari ngeni usingesomwa. Hata Japani, kampuni ya Sansan, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilijenga biashara yake juu ya kuzisoma kadi za karatasi na kuzitia kwenye kompyuta. Zaidi ya kadi, kiwanda cha hapa humtaka msambazaji vyeti: PIN ya kodi, usajili wa kampuni, na ankara za kielektroniki za eTIMS, kwa kuwa tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hizo kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu za kodi. Kadi iliyoundwa vizuri kwa soko hilo ingekuwa na msimbo unaofungua nyaraka hizo.

Orodha ya nambari za wateja inayojikusanya kwenye simu nayo ina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu data ya mtu kutumiwa kwa matangazo bila idhini yake, na kupeana nambari kwa sababu ya kuagiza mlango mmoja si idhini ya kuingizwa katika kundi la matangazo. Biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo ya mwaka chini ya shilingi milioni 5 haidaiwi kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini msamaha huo hauzihusu shule, kliniki, hoteli, usafirishaji wala usimamizi wa nyumba. Mawakala wa nyumba za kupanga, ambao Ruiru ni wengi, wamo humo hata wakiwa wawili ofisini.

Udhaifu mkubwa wa mpango huu wote uko kwenye umiliki wa laini. Kampuni nyingi ndogo huwaacha wauzaji watumie nambari zao binafsi, na muuzaji akihamia kwa mshindani, wateja humfuata bila hata kujua. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa nayo hutwaliwa na mtandao na kuuzwa upya, huku nambari ikiwa bado imechorwa kwenye mabango. Inafaa laini ya kazi isajiliwe kwa jina la kampuni, ifungamanishwe na tili ya kampuni, na ukurasa wa WhatsApp uunganishwe na vifaa vya ofisi. Programu hiyo huruhusu vifaa vinne pamoja na simu yenyewe. Muuzaji akiondoka hukabidhi laini pamoja na ufunguo wa stoo.