Shati la Gikomba na Maamuzi ya Washington

Alfajiri sokoni Gikomba, Nairobi, belo la mitumba likikatwa kamba wachuuzi hulizingira papo hapo. Nguo kali, zinazoitwa kamera, huondoka kwanza. Fagia hubaki za mwisho na huuzwa kwa bei ya kutupa. Huko Athi River, mafundi wameinamia cherehani wakishona suruali za kupelekwa Marekani. Riziki zote mbili zimeletwa na utandawazi, ila wanasiasa ndio waliozigombanisha.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hadi kufikia 2019, ili viwanda vya nguo vifufuke. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Machi 2017, wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao kuhusu mpango huo. Silaha yao ilikuwa AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, kwa masharti. Kenya, ikizihofia ajira za Athi River, ilirudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilikaza, na Julai 2018 Rais Trump akaziondolea nguo zake nafuu hiyo.

Anayeniuma zaidi ni mkulima wa pamba, ambaye katika mvutano huo hakutajwa sana. AGOA iliruhusu nchi nyingi za Afrika kushona nguo kwa kitambaa kutoka popote. Basi suruali ya Athi River iliweza kuwa ya kitambaa cha Asia toka kiunoni hadi pindo, na bado ikapita bila ushuru. Fundi akapata mshahara. Mkulima wa Busia au Simiyu hakuliona soko hilo. Bila kifungu hicho viwanda vingi visingekuja, nakubali. Lakini serikali zetu zilikuwa na miaka mingi ya kujenga viwanda vya nyuzi na vitambaa nyuma ya cherehani zile, na kazi hiyo haikufanyika vya kutosha.

Ethiopia iliumia kwa njia nyingine. Kwa sababu ya vita vya Tigray, Marekani iliiondoa kwenye AGOA Januari 2022. Kampuni ya PVH, yenye Calvin Klein, ilikuwa imeshatangaza mwezi Novemba kwamba inafunga kiwanda chake Hawassa. Washonaji wengi wa Hawassa, mbali na uwanja wa vita, wakabaki bila kazi.