Kanisa Takatifu, Watu Wenye Kasoro

Je, Kanisa lenye magomvi na unafiki laweza kuitwa takatifu? Kila mchungaji huulizwa hivyo na washarika wake. Nasi tuhudumuo Mtae, ukingoni mwa milima ya Usambara, hatuwezi kujibu bila kukumbuka tulikotoka.

Chama cha misheni kilichofungua kazi Mlalo mwaka 1891 kilianzishwa Berlin mwaka 1886. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Carl Peters, ambaye mwaka 1897 alifukuzwa katika utumishi wa serikali ya Ujerumani kwa ajili ya ukatili wake. Chombo kilikuwa na ufa. Hata hivyo Neno lilihubiriwa, na ubatizo walioupokea Wasambaa ulikuwa ubatizo wa kweli.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika Kifungu cha 8, lafundisha kwamba katika maisha haya wanafiki wamechanganyika na waaminio, na kwamba uovu wa mhudumu hauondoi nguvu ya sakramenti. Augustino aliwajibu vivyo hivyo Wadonato wa Afrika ya Kaskazini. Utakatifu wa Kanisa ni wa Kristo, si wetu.

Lakini tusiufanye ukweli huu kuwa pazia la dhambi. Bwana aliyekataza kung'oa magugu kabla ya mavuno (Mathayo 13) ndiye aliyeagiza ndugu akosaye aonywe (Mathayo 18). Aliyekula sadaka na aonywe, hata akiwa mchungaji. Hukumu ya mwisho tu ndiyo tusiyopewa.

Ndiyo maana katika ibada mchungaji huungama dhambi pamoja na washarika, kabla hajapanda mimbarani.