Saundi kadi: sauti yako inatoka au inaingia?

Vijana wa studio za Mbeya na Iringa, wengi wao maprodyuza wa kwaya na wasomaji wa matangazo ya biashara, huniuliza kama wanunue saundi kadi au ile iliyomo ndani ya kompyuta inatosha. Huwa nawarudishia swali: sauti yako inatoka kwenye kompyuta, au inaingia?

Kama inatoka tu, yaani unasikiliza muziki, unatazama filamu au unapiga disko la harusi, tunza hela yako. Mwaka 1989, Creative ya Singapore ilipotoa Sound Blaster, kompyuta nyingi zilijua kulia "piip" na si zaidi, hivyo kadi ilikuwa ya lazima. Intel ilipotoa kiwango cha AC'97 mwaka 1997, kisha HD Audio mwaka 2004, chipu ya sauti ikawa jambo la kawaida kwenye mazabodi, na za leo hazina ubaya. Anayepiga mp3 iliyopokewa WhatsApp halafu akailaumu kadi anaionea: kilichotupwa faili lilipobanwa hakirudishwi na kifaa chochote. Redio za FM zenyewe hukata sauti kwenye kilohezi 15, kwa hiyo kadi inayojinadi kwa kilohezi 192 haimwongezei kitu msikilizaji wa Uyole wala wa Kihesa.

Sauti inayoingia ni habari nyingine. Tundu la maiki la laptopu limewekwa kwa ajili ya mazungumzo, nalo limebanana na feni na prosesa. Chukua ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe iliyochongwa kwenye gogo, yenye mlio mpole. Ukiirekodi kupitia tundu hilo utalazimika kupandisha sauti hadi mwisho, na ule mvumo wa "shshsh" utapanda nayo. Kadi ya nje ya USB ina kikuza sauti cha maana, tundu la XLR na volti 48 za kuwasha maiki ya kondensa. Pia hurekodi kwa biti 24. Biti 16 zinabeba takribani desibeli 96, na hizo zinatosha kusikilizia. Za ziada zinakupa nafasi ya kurekodi kwa sauti ya chini, ili soloisti akipaza kwenye kiitikio wimbo usipasuke.

Lingine ni kuchelewa. Bafa ya sampuli 512 kwa kilohezi 48 inakula karibu milisekunde 11, na sauti huingia kisha ikatoka, kwa hiyo mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni akiwa nyuma ya kinanda. Kadi yenye draiva yake ya ASIO inaweza kushuka hadi sampuli 128, chini ya milisekunde 3. Nyingi zina pia kitufe kinachomrudishia mwimbaji sauti yake bila kuipitisha kwenye kompyuta kabisa.

Usiichanganye kadi hiyo na V8, ile yenye vitufe vya kicheko na makofi. Kwa laivu ya TikTok inafaa sana. Kwa albamu ya kwaya, makofi waachie waumini.

Lakini kabla hujaenda dukani, fanya jaribio moja. Vaa hedifoni, washa maiki, sikiliza kama kuna mngurumo mzito wa chini, kisha chomoa chaja ya laptopu. Ukikatika, ugonjwa wako ni umeme: ni ule wa hezi 50 wa ukutani unaotafuta njia kwa sababu nyumba haina ethi, au kuna mtu alivunja pini ya tatu ili plagi iingie kwenye kebo ya matundu mawili. Kadi ya USB inakula umeme wa laptopu ileile, na inaweza kunguruma vilevile. Hela ya kwanza mpe fundi umeme. Na pini ya ethi isikatwe kamwe; inalinda uhai wako kabla ya kulinda wimbo.

Hela ya pili iende kwenye chumba. Mvua ikinyesha juu ya mabati ya Mbeya hakuna kadi ya kuiondoa, ila mwangwi wa kuta unapunguzwa na mablanketi mazito, na huku Nyanda za Juu nani hana blanketi? Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki, wa Wahehe ukiwamo, hakuwa na biti wala USB. Alikuwa na maiki aliyoishika mwenyewe na kuisogeza penye sauti, na rekodi zake zinasikilizwa hadi leo.

Ukishafika kwenye kadi, ya chaneli mbili inamtosha mwimbaji mmoja na gitaa lake. Kwaya inayotaka maiki nne kwa mpigo inunue ya chaneli nne moja kwa moja. Ya mtumba usiilipie sokoni Mwanjelwa kabla hujachomeka maiki kwenye kila tundu, ukawasha volti 48 na kuhakikisha draiva yake inaikubali Windows uliyonayo.