Si Homa Wala Si Nyama: Maradhi Sugu ya Pua na Tiba Yake

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, neno "homa" limebebeshwa mzigo mkubwa. Ilhali kamusi hulifasiri kuwa joto la mwili lililopanda kupita kiasi, Wakenya wengi hulitumia kwa maana ya mafua. Basi mtu ambaye pua yake imeziba tangu Januari, hata hanusi maziwa yanayoungua jikoni, husema mwezi wa Mei kwamba ana homa isiyokwisha. Katika duka la dawa huuziwa dawa ya homa. Akirudi, hupewa viuavijasumu. Jina likikosewa, tiba nayo hufuata jina.

Mafua ya kawaida huisha kwa muda wa siku kumi hivi. Pua inapoziba, makamasi yakawa mazito, uso ukawa na uzito na hisi ya harufu ikafifia kwa majuma 12 au zaidi, madaktari husema hayo ni maradhi sugu ya sinusi. Sinusi, neno la Kilatini lenye maana ya mkunjo au ghuba, ni mivungu yenye hewa iliyomo katika mifupa ya uso. Iko jozi 4: mashavuni, katika paji la uso, baina ya macho na nyuma kabisa ya pua. Utando wake hutoa ute, na vijinywele vidogo mno huufagia ute huo kuelekea puani kupitia vijitundu vyembamba. Utando ukivimba, vijitundu huziba na ute hukwama.

Kwa baadhi ya wagonjwa utando huo hufura hata ukaning'inia puani mithili ya zabibu zilizomenywa. Hauumi, ila huziba njia ya hewa na kumfanya mtu aseme kwa king'ong'o. Wagiriki wa kale waliuita kwa neno lenye maana ya "miguu mingi", ambalo pia lilikuwa jina la pweza. Hilo ndilo asili ya "polipu". Waswahili wengi husema "nyama za puani". Majina yote mawili yanavutia (Mswahili wa pwani hahitaji kuelezwa jinsi pweza anavyong'ang'ania mwamba), lakini yanapotosha kwa namna moja: yanadokeza kitu kigeni kilichoingia, ambacho kikishakatwa mambo yamekwisha. Polipu ni utando wa mgonjwa mwenyewe uliovimba. Kinachohitaji tiba ni uvimbe, na uvimbe huo hutulizwa kwa miezi na miaka.

Msingi wa tiba ni mambo mawili yasiyo na makeke. La kwanza ni kuosha pua kwa maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita 1, yaani kijiko cha chai kisichojaa kwa nusu lita. Kupandisha maji puani si jambo geni kwa anayetia udhu, ila hapa maji ni mengi na sharti yachemshwe kisha yapoe. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya mfereji yaliyokuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri.

La pili ni dawa ya steroidi ya kupuliza puani. Kichwa huinamishwa mbele kidogo na dawa huelekezwa upande wa sikio, wala si kwenye ukuta wa katikati ya pua. Huchukua majuma kadhaa kuleta nafuu. Wengi huiacha siku ya tano wakidhani haifai. Badala yake hukimbilia matone yanayozibua pua papo hapo, ambayo yakitumiwa zaidi ya siku chache huifanya izibe kuliko awali.

Vidonge vya steroidi hunywesha polipu kwa muda mfupi na kurejesha harufu, lakini kuvitumia mara kwa mara hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Upasuaji wa kisasa hufanywa kupitia tundu za pua kwa darubini nyembamba, njia iliyotokana na uchunguzi wa Walter Messerklinger wa Graz, Austria. Huleta nafuu kubwa. Hata hivyo, polipu zaweza kuota tena, na mgonjwa aliyepasuliwa huendelea kuosha na kupuliza. Tangu 2019 kuna pia sindano ya dupilumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka huo, ambayo hutuliza kiini cha uvimbe. Bei yake ingali juu mno kwa wengi.

Mwenye polipu pamoja na pumu awe mwangalifu na aspirini na ibuprofeni, kwani kwa baadhi ya watu wa aina hiyo kidonge kimoja chaweza kubana pumzi vibaya. Uvimbe ulio upande mmoja tu wa pua, hasa ukitoka damu, usingoje dawa ya kupuliza: huenda si polipu kamwe, na daktari wa masikio, pua na koo anapaswa kuutazama mapema.