Kongo bololo haimo humu

"Dokta, hizi dawa mpya za kansa ya ini si za kuongeza kinga tu? Basi na kongo bololo yetu si ni hiyo hiyo?" Swali hili nimelichoka. Huja kutoka mji mzima wa Bunia na bidoni lake la lita tano la kongo bololo, majani machungu na shubiri, likibebwa na ndugu wa mgonjwa ambaye macho yameshakuwa manjano.

Atezolizumabu na bevasizumabu, dawa mbili zinazotolewa pamoja kwa dripu kila baada ya wiki tatu, haziongezi kinga hata kidogo. Kinga ipo, ila kansa imeikanyagia breki kwa protini iitwayo PD-L1. Atezolizumabu huiachilia breki hiyo. Bevasizumabu huzuia uvimbe usijioteshee mishipa ya damu. Kinga iliyoachiliwa inaweza kugeuka ikashambulia mapafu, utumbo, hata ini lenyewe. Muuza majani atuambie ni jani lipi lifanyalo kazi ya dawa hizi, na kwa kipimo gani.

"Lakini shemeji alikunywa akapona." Alipona nini? Watu wazima wengi wanaopata manjano ya hepatiti hupona wenyewe, na sifa huenda kwenye bidoni. Kansa haifanyi hivyo.

Jaribio la IMbrave150, lililochapishwa mwaka 2020, liligawa wagonjwa 501 kwa kura. Katika hesabu za baadaye, nusu ya waliopewa dawa hizo mbili waliishi zaidi ya miezi 19.2, na kwa waliopewa vidonge vya sorafenibu vya kulinganisha, miezi 13.4. Ni nafuu kubwa, si uponyaji. Na walikubaliwa tu wale ambao ini lao lilikuwa bado linafanya kazi vizuri. Ukimaliza miezi mitatu na bidoni, ndipo uje, hata Ulaya hawakupi.

Haya, upesi, ili kuikinga na kuiwahi kansa ya ini: pima hepatiti B, ni tone la damu. Ukiwa nayo, uliza kuhusu tenofoviri, na ekografi kila miezi sita. Mtoto amalize chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Karanga zenye ukungu tupa, usizisage. Uvimbe mdogo huenda ukakatwa. Ukiwa mkubwa na ini lingali na nguvu, omba barua ya kwenda Taasisi ya Kansa ya Uganda, Mulago, na uulize bei kabla hujauza ng'ombe. Tumbo likishajaa maji, omba morfini ya kunywa ya kutuliza maumivu, na dozi apange daktari.