"Baba, hii ndege ni yangu"

KAZI yangu iko mkoa mwingine, na nyumbani narudi kila baada ya wiki mbili. Mzazi mwenye ratiba ya namna hii ananielewa: unafika Ijumaa usiku, Jumapili mchana uko stendi. Binti yangu wa miaka 11 alikuwa ameanza kunijibu "ndiyo" na "hapana" tu, kama mtu anayeongea na mgeni.

Siku moja nikamkuta anakata boksi, anatengeneza ndege. Nikamwambia tutengeneze inayoruka kweli, kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Akacheka, akidhani natania.

Si utani. Mwaka 1871, Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha kindege cha mpira katika bustani ya Tuileries, Paris, kikakaa hewani sekunde 11. Mwaka 1878, huko Marekani, Milton Wright aliwaletea wanawe kichezeo cha kuruka kilichotokana na kazi ya Mfaransa huyo. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Kilipovunjika wakajitengenezea vingine. Ni hao hao walioruka na ndege yenye injini mwaka 1903, na safari yao ya kwanza ilikuwa ya sekunde 12.

Tukachagua kuiga Piper Cub, kwa sababu ndege ya bawa la juu hutulia zaidi. Ya kweli ina mita 10.7 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Yetu sentimita 33. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hutumia mbao nyepesi za balsa. Sisi tulikata trei za povu za kuwekea nyama, tukachonga vijiti vya mishikaki hadi vikawa vyembamba, tukabandika kwa gundi nyeupe. Mapanga ya pangaboi tuliyakata kwa mshazari kwenye kopo la mtindi, ambalo tayari lina mkunjo unaofaa. Ekseli ni pini ya karatasi iliyonyooshwa, na shanga moja ili izunguke bila kukwama. Raba bendi kubwa mbili tuliziunganisha na kuzipaka glisirini zisikatike upesi. Wembe nilishika mimi.

Shida ya kuiga ndege halisi ni kwamba ile ina rubani anayeirekebisha kila sekunde. Hii ukishaiachia, basi. Kwa hiyo mkia tuliuongeza ukubwa kidogo, na ncha za mabawa tukaziinua kuliko za Cub yenyewe.

Jumamosi ya kuirusha, mimi ndiye niliyeharibu. Nilikuwa na haraka. Badala ya kuijaribu kwanza bila mpira, niliichukua mikononi mwake, nikasokota mpaka mwisho, nikaachia. Ikapanda wima, ikasimama hewani, ikaanguka kwa pua. Pua ikasagika.

"Baba, hii ndege ni yangu," alisema. Akaokota vipande, akaingia ndani. Nilimwomba radhi jioni ile, akaitikia "haya" bila kuinua macho. Niliondoka Jumapili nikiwa sina raha.

Niliporudi, nikakuta ameitengeneza mwenyewe na kufungua daftari. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa uwanja wa shule ya jirani, kabla upepo haujaamka. Kazi yangu ilikuwa kushika kalamu.

Aliiweka juu ya ncha za vidole viwili, theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele, mpaka ikalala sawa. Mkia ulipozidi alibandika udongo wa kufinyangia puani. Kisha akairusha taratibu juu ya nyasi bila kusokota. Ikawa inainua pua, inasita, inashuka, inainua tena. Akaongeza udongo kidogo. Ikazidi kuzamisha pua. Akakunja juu ukingo wa nyuma wa mkia, unene wa kadi tu. Badiliko moja, jaribio moja, andika. Nilitaka kuingilia mara tano hivi. Mara mbili niliingilia, na alinitazama tu.

Ilipoteleza vizuri akasokota mizunguko 40, kisha 70. Kwa nguvu ya mpira ikaanza kupandisha pua na kuvutia kushoto. Akachomeka kipande cha kiberiti nyuma ya pua ili pangaboi lielekee chini na kulia, kidogo sana.

Akafika 150. (Kwa wanaotaka kujaribu: uso uwe mbali na mpira unaposokotwa, ukikatika unachapa.) Akaachia. Ikapita juu ya mlingoti wa bendera, ikazunguka mduara mmoja mpana, ikatua juu ya bati la darasa la pili. Simu yangu ilisoma sekunde 14.

"Tumewapita wale wa Marekani," alisema, na mlinzi akaenda kutafuta ngazi.

Ijumaa iliyopita nilikuwa bado ndani ya basi aliponipigia, jambo ambalo hakuwa akifanya. Alitaka kujua kama nimenunua raba bendi.